Duka la Sonara: Kwa Nini Kazi Nyingine Hufika kwa Wajukuu na Nyingine Hufa na Mzee



Katika mikutano ya vikundi tunayohudhuria kuna swali moja ambalo haliishi. Mtu anafungua duka la bidhaa sokoni, au ananunua kinu cha kusaga, anahangaika nacho miaka ishirini na kusomesha watoto. Siku anapoaga dunia, hata mwaka haumaliziki, mlango umefungwa. Mizani imeuzwa, waliokopa wametoweka, na ndugu wanagombania mabati. Kwa nini mali ya jasho haifiki kwa wajukuu?

Safari hii tumeona tulijibu swali hilo kwa kuzunguka kidogo. Tutaitazama kazi moja ambayo kwa desturi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana vizazi hata vizazi: kazi ya sonara, yaani fundi anayetengeneza na kuuza mapambo ya dhahabu na fedha. Wengine mtasema, sisi na sonara wapi na wapi? Shianda ni miwa na mahindi. Ngojeni kidogo. Dhahabu inachimbwa katika kaunti yetu hii hii, na wako vijana na akina mama wanaokula kwayo. Ila duka la sonara lenye kubeba jina la familia ya huku, la babu, baba na mjukuu, sisi hatujaliona.

Kwanza tukumbushane kwamba pambo kama urithi si jambo geni kwetu. Wazee wa Wanga husimulia kwamba mwenyewe Wanga alipofika Imanga alikuja na bangili ya shaba, alama ya utawala. Akaificha, akaishi chini ya Muima kama mtu wa kawaida tu. Bangili ilipokuja kuonekana, ikajulikana kwamba huyu si mtumishi, na utawala ukahamia kwake. Masimulizi yanatofautiana hapa na pale, lakini yote yanakubaliana juu ya bangili. Tena vyuma vyetu havikutoka ulaya. Wahunzi wa Samia walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyofika mbali kwa biashara na kwa mahari. Uhunzi ulikuwa wa koo fulani. Kijana alivuta mvukuto wa baba yake kabla hajaruhusiwa kushika nyundo. Majembe ya kiwandani yalipokuja kwa bei rahisi, moto ule ukazimika karibu kila mahali.

Jina na desturi ya sonara

Neno lenyewe "sonara" lilivuka bahari. Limetoka kwa Wahindi, kwenye lugha zao ambamo sona ni dhahabu. Katika Gujarat, Kutch na Kathiawar iko jamii inayoitwa Soni ambayo kazi yake tangu zamani ni hiyo. Watu wa jamii hiyo walifika Unguja, Mombasa na Lamu, wakawatengenezea mabibi wa pwani vipini, vikuku, mikufu na hereni. Unguja na Dar es Salaam walikuwapo pia masonara Wasinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo tunakiita Sri Lanka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara wa Kihindi walipanda nayo, na masonara wakafuata pale ambapo Wahindi wenzao walikuwa wengi, kwa sababu arusi ya Kihindi bila dhahabu si arusi. Kwa bibi arusi dhahabu ile ndiyo akiba yake. Mavuno yakikosekana au bwana akifa, anauza bangili moja.

Sasa tuingie ndani ya duka. Mbele iko meza yenye kioo, na nyuma au juu ni karakana na nyumba ya familia. Mzee anakaa kwenye mizani. Mizani ndiyo kiti cha enzi pale. Kwa kawaida masonara wa Kihindi walipima kwa tola, na tola moja ni kama gramu 11.66. Ndugu mdogo anayeyusha dhahabu kwenye kikombe cha udongo, mwingine anaivuta iwe waya mwembamba kama uzi, na kuna anayelehemu kwa mrija wa kupuliza moto kwa mdomo. Mtoto wa miaka saba au minane anafagia.

Mkidhani kufagia ni kazi ya bure, basi hamjamjua sonara. Dhahabu ikikatwa kwa tupa huacha vumbi. Vumbi hilo huanguka kwenye meza, kwenye nguo na sakafuni, hata kwenye maji ya kunawia mikono. Katika duka la sonara takataka haimwagwi. Hukusanywa miezi mingi, kisha huchomwa na kusafishwa hadi dhahabu irudi. India wako watu ambao kazi yao ni kununua mafagio ya maduka ya masonara, wakaishi kwa hayo. Kwa hiyo yule mtoto mwenye ufagio tayari ameingia katika kazi. Anafundishwa kwamba kilichoanguka si kidogo. Akifika miaka kumi na miwili anaujua uzito wa pete kwa kiganja, na akifika ishirini wateja wanamjua kwa jina. Baba yake akifa, mteja haoni mgeni pale kwenye meza.

Jambo la pili ni kitabu. Katika jamii nyingi za wafanyabiashara wa Kigujarati, vitabu vipya vya hesabu hufunguliwa wakati wa sikukuu ya Diwali na kuombewa. Ni dini yao, sisi tuna yetu, lakini tuangalie kinachofanyika: mara moja kila mwaka familia nzima inaviona vitabu. Mama anaviona, na vijana wanaviona. Nani anadaiwa, nani anadai, dhahabu ya nani iko ndani kwa kutengenezwa. Hakuna cha kusema "mzee alikuwa anajua mwenyewe". Kwetu mara nyingi mzee ndiye daftari, na siku ya mazishi daftari linazikwa.

Jambo la tatu ni kuaminiwa, na hapa hatuna budi kueleza karati, maana wengi huulizwa bei na hawajui wanauliziwa nini. Dhahabu safi kabisa huitwa karati 24. Ya karati 22, ambayo Wahindi hupenda, ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, karibu asilimia 91.6, zinazobaki ni shaba au fedha. Ya karati 18 ni asilimia 75. Ya karati 9 ni asilimia 37.5 tu, yaani zaidi ya nusu si dhahabu. Kwa macho hizi zote zinang'aa. Sonara huchora pambo juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali juu ya ule mstari na kuulinganisha na mstari wa dhahabu anayoijua. Mteja hawezi kufanya hivyo, anamwamini sonara. Ndiyo sababu jina la familia katika kazi hii ni mtaji kuliko jengo. Ukimpunja mama leo, binti yake hatakuja kwako kununua pete ya ndoa, na mjukuu wako ndiye atakayelipa.

Yaliyowapata

Msifikiri mambo yao yalikuwa mteremko. Kenya, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi nje ya miji mikubwa, na wengi waliokuwa na pasi za Uingereza waliondoka 1967 na 1968. Maduka mengi ya miji midogo yakahamia mikononi mwa Waafrika. Hilo lilikuwa haki kwa upande wake, kwa kuwa mwenye nchi alikuwa amekaa nje ya kaunta muda mrefu mno. Lakini tuseme ukweli: wengi walipewa duka, rafu na bidhaa, wala hawakupewa ile miaka kumi ya kufagia na kusoma kitabu. Halafu Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Njiani kuelekea Entebbe askari waliwavua akina mama bangili kwenye vizuizi. Familia zilizokuwa na duka na akiba zilifika Uingereza na masanduku tu.

Tena hapo ndipo ile kazi ilipoonekana ni kitu gani. Ukienda Leicester, barabara ya Belgrave, au London, mtaa wa Green Street, utakuta safu ya maduka ya mapambo, na baadhi ni ya familia zilizotoka Kenya na Uganda. Askari alichukua bangili. Ujuzi wa kuitengeneza aliuacha mikononi mwa mwenyewe, kwa kuwa hakujua hata kama upo.

Lakini kuwa Mhindi hakukuwa dawa. Wengi wamesikia shule ya Alidina Visram kule Mombasa. Huyo Alidina Visram alikuja Bagamoyo kutoka Kutch akiwa kijana mdogo. Hakuwa sonara, alikuwa mfanyabiashara wa kila kitu: pembe, pamba, vyakula, hata mikopo. Maduka yake yalifuata njia za misafara na kisha reli, hadi Uganda na kupita. Akafariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akashika, naye akafariki 1923, na miaka michache baadaye biashara ile kubwa kuliko zote ikavunjika. Kilichobaki na jina ni shule ambayo mwana aliijenga kwa ukumbusho wa baba. Maoni yetu ni kwamba mali iliyotawanyika namna ile, ikishikwa na kichwa kimoja, ni ngumu kurithiwa. Duka dogo la sonara lenye ndugu wanne nyuma ya kaunta lingeweza kuishi zaidi.

Na kwa wazungu? Duka la mapambo linalojulikana kuliko mengi duniani ni la Cartier wa Ufaransa. Mwaka 1847 Louis-François Cartier alichukua karakana ya fundi aliyemfunza kazi, mjini Paris. Hakuwa mtoto wa yule fundi, alikuwa mwanafunzi wake, tulishike hilo. Mwaka 1874 mwanawe Alfred akachukua usukani. Alfred akawa na wana watatu, na hapo ikafanyika busara moja: hawakupewa duka moja wagombanie. Louis akabaki Paris, Pierre akaenda New York, Jacques akashika London. Mwaka 1917 Pierre alipata jengo la fahari New York kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili, uliothaminiwa kwa dola milioni moja, akaongeza dola mia. Baadaye lulu za kukuzwa na watu zikajaa sokoni, bei ya lulu ikaanguka vibaya, na jengo likabaki kuwa jengo. (Mwenye kuweka akiba yote katika kitu kimoja asikie hapo.) Jacques na Louis walifariki katika miaka ya vita, 1941 na 1942. Kizazi cha nne kilikuwa mbali mbali, kila mmoja na tawi lake, na kati ya 1962 na 1974 matawi yote matatu yakauzwa kwa watu wa nje. Jina Cartier bado liko mlangoni, lakini familia haimo. Kumbe hata kwao mali ilichoka katika kizazi cha nne.

Dhahabu ya Kakamega ilipita mikono gani

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu upande wa Kakamega, na wazungu wakamiminika wakiwa na makarai na mahema. Ardhi ilikuwa ya wananchi, na sheria ya 1930 ilisema ardhi ya hifadhi ikichukuliwa, nyingine ya kiasi hicho lazima itolewe badala yake. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria hiyo haraka haraka ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila kurudisha nyingine, watu walipwe pesa tu. Archdeacon Owen wa kanisa la Anglikana alikuwa kati ya waliopiga kelele. Mgodi mkubwa ulikuwa wa Rosterman, ambao ulifungwa 1952. Baba zetu walifanya kazi ndani yake. Walichimba, wakabeba, wakasaga mawe. Mizani hawakuonyeshwa, wala kiyeyusho. Mgodi ulipofungwa, waliobaki nyuma walikuwa na sururu na shimo.

Hali hiyo haijabadilika sana. Huko Ikolomani na Shinyalu wachimbaji wadogo wanashuka mashimoni, akina mama wanaponda mawe na kuosha. Wakimaliza, anakuja mnunuzi na mizani yake mwenyewe, anapima mwenyewe, anasoma mwenyewe, analipa. Dhahabu ya kutoka ardhini mara nyingi ina fedha ndani, kwa hiyo si karati 24, na mnunuzi anaweza kukata bei apendavyo kwa sababu hiyo. Tuseme mizani inapunja sehemu moja ya kumi ya gramu kila mara. Ni kitu hakionekani. Ukipimiwa mara mia moja, umempa gramu kumi za bure. Kampuni kubwa nazo zimekuja kutafuta. Tangu 2020 mradi wa pande za Isulu na Bushiangala umekuwa wa Shanta Gold, na watu wa huko wana maswali mazito kuhusu mashamba na makaburi yao. Hayo yanahitaji makala nzima.

Kwa kikundi chenye wanachama wanaouza dhahabu, jambo la kwanza la kununua ni mizani ndogo ya kikundi, mpime kabla ya mnunuzi kufika. La pili ni kujifunza kupima kwa maji: dhahabu safi huzidi maji kwa uzito mara 19.3, fedha mara 10.5, kwa hiyo kipande kilichoyeyushwa kikipimwa kikavu na kisha kikining'inia ndani ya maji, tofauti ya uzito huonyesha usafi wake kwa kukadiria. Na lile jambo la zebaki tusilifiche. Kuichoma jikoni juu ya sufuria ni kuvuta sumu. Moshi wake hauna harufu ya kukuonya, huharibu fahamu, mikono ikaanza kutetemeka, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Sheria ya Madini ya 2016 inatambua wachimbaji wadogo na kuwapa vibali kaunti zao, na inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na leseni. Basi ni haki yenu kumwomba mnunuzi aonyeshe yake.

Na wale ambao hawana habari ya dhahabu, wana duka la unga na sabuni tu? Kwa upande wa sheria mambo yako hivi. Mzee akifa bila wosia, benki husimamisha akaunti iliyo kwa jina lake peke yake hadi familia ipate idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi, na safari hiyo huanza na barua ya chifu. Inaweza kuchukua miezi mingi, na bidhaa haziwezi kungoja. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, inasema kwamba pasipo wosia, mjane huendelea kuitumia mali maisha yake, na watoto hugawana sawa, wavulana kwa wasichana. Wengi wetu bado tunaongea kana kwamba binti hayumo. Masonara wenyewe walikosea hapo. Kwa miaka mingi binti alipewa dhahabu avae, kazi akafundishwa kaka. Leo kijana wa sonara anasomea udaktari, duka linabaki bila mtu, na dada aliyejua hesabu zote ameolewa mji mwingine.

Kikundi nacho kinaweza kufa na mwenyekiti kama vile duka linavyokufa na mzee. Kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kina katiba, na katiba hiyo iseme wazi nani anatia sahihi benki mmoja wao akifariki. Tunawaomba makatibu waisome kwa sauti mkutanoni, maana tumeona katiba nyingi zimefungwa kwenye kabati na funguo iko kwa mtu mmoja.

Mwisho kuna vijana wanaouliza kama usonara unaweza kuanzwa bila dhahabu. Unaweza. Nairobi, pale Kibera, wako mafundi wanaoyeyusha makufuli mabovu na mifereji ya maji ya shaba nyeupe, wakapata bangili na hereni, na wengine huchonga mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Vifaa ni mvukuto, kikombe cha kuyeyushia, mchanga wa kalibu, tupa na msasa. Chuma chakavu kiko hapa, na mifupa pale machinjioni hutupiwa mbwa. Kijana anayetaka kazi hiyo aanze kwa kutafuta fundi atakayekubali akae naye mwaka mzima au zaidi, na wazazi wajue kwamba miezi ya kwanza atakuwa anafagia.